Majirani wanaosikia mtoto akipigwa wasisubiri ushahidi

MHARIRI,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maelezo ambayo wasomaji wako wameyazoea mno. Kila inapotoka habari ya mtoto aliyechomwa mikono kwa tuhuma za kudokoa mboga jikoni, au aliyefariki dunia kwa kipigo cha mlezi wake, mwandishi hufika mtaani na kuzungumza na majirani, nao humweleza kwamba kelele za mtoto huyo walikuwa wakizisikia mara kwa mara. Wengine huongeza kwamba walikwisha kumwona na alama mwilini. Mtuhumiwa hushikiliwa na polisi, wasomaji tunalaani, na habari huishia hapo. Mimi naomba tuzitazame zile wiki zilizotangulia, kabla mwandishi hajafika, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na nafasi ya kumwokoa mtoto, na watu wa kumwokoa walikuwapo, wakitenganishwa naye na ukuta mmoja tu.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika chumba cha kufungia vidonda, na ninaamini kwamba wengi wa majirani hao hawanyamazi kwa roho mbaya. Wananyamaza kwa sababu hawana uhakika na wanachokiona, na kwa sababu wanadhani kwamba kutoa taarifa ni kushtaki, na kwamba anayeshtaki sharti awe na ushahidi mkononi.

Tuanze na kinachoonekana. Mtoto anayekimbia na kupanda miti huumia, na mara nyingi huumia pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi: magotini, kwenye miundi, kwenye viwiko na kwenye paji la uso. Kinachopaswa kututia shaka ni alama zilizo mahali ambapo mtoto akianguka hapagusi ardhi kwa urahisi, yaani masikioni na nyuma yake, shingoni, mashavuni, tumboni, mgongoni, makalioni, nyuma ya mapaja, na upande wa nje wa mikono, ambao mtu huutumia kukinga uso anapopigwa. Waya wa umeme uliokunjwa huacha mistari miwili inayokutana kwenye ncha, na mkanda huacha alama pana yenye kingo zilizonyooka. Katika ngozi zetu nyeusi damu iliyovilia haionekani upesi, kwa hiyo tuangalie pia uvimbe, joto la mahali hapo, na namna mtoto anavyoshtuka akiguswa. Wala mtu asijaribu kukisia kwa rangi ya alama kwamba hii ni ya jana na ile ni ya wiki iliyopita. Hata madaktari hawawezi kulisema hilo kwa uhakika.

Kwa mtoto mchanga kipimo ni kikali zaidi. Asiyeweza bado kujigeuza wala kutambaa si rahisi ajiumize mwenyewe, na damu iliyovilia kwa mtoto wa chini ya miezi minne, hata iwe ndogo kama ukucha, inatosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo paja lililovunjika la mtoto ambaye hajaanza kutembea. Aliyetikiswa kwa nguvu anaweza asiwe na alama yoyote ya nje, ila akalegea, akatapika, akakataa kunyonya au akapata degedege.

Kuhusu kuungua nitasema kwa kirefu, kwa sababu ndiko uongo unakopita kwa urahisi. Maelezo yanayoletwa ni yaleyale: amejimwagia chai, amevuta sufuria ya uji. Watoto huungua hivyo kweli, hasa wa mwaka mmoja au miwili katika nyumba ambazo jiko la mkaa huwekwa sakafuni. Lakini maji ya moto yakimwagika hushuka. Huanzia kidevuni au begani, hutiririka kifuani, hupungua ukali kadiri yanavyoteremka, na pembeni huacha malengelenge madogo ya matone yaliyoruka. Mkono uliotumbukizwa na kushikiliwa ndani ya maji ya moto una sura nyingine kabisa. Mstari umezunguka kifundo sawasawa kana kwamba mtoto amevaa glavu. Juu ya mstari ngozi ni nzima, chini yake imebabuka yote kwa kina kimoja, na hakuna hata tone moja lililoruka pembeni. Mtoto aliyegusa chungu cha moto kwa bahati mbaya huondoa mkono wake kabla hata hajafikiri. Viganja viwili vilivyoungua kwa kiasi kimoja vinatulazimisha kuuliza ni nani aliyeishikilia ile mikono. Tena utazame siku alipoletwa. Anayemleta mtoto siku ya nne, kidonda kikiwa kimeanza kunuka, na maelezo anayompa tabibu yakawa tofauti na aliyompa muuguzi mapokezini, asiruhusiwe kuondoka na mtoto pamoja na dawa ya kupaka kana kwamba kazi imekwisha.

Ni kweli kwamba macho hudanganya. Watoto wetu wengi huzaliwa na madoa ya rangi ya kijivu au bluu kiunoni na makalioni ambayo si vipigo. Wengine wana chale za mganga. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anaweza kuvimba mikono na miguu na kulia kwa maumivu bila mtu yeyote kumgusa. Ndiyo maana kazi ya kuthibitisha si ya jirani wala ya mwalimu. Daktari ana vipimo, afisa ustawi wa jamii ana utaratibu wa kuhoji, polisi wana upelelezi wao. Kinachotakiwa kwa jirani ni shaka yenye sababu, na shaka hiyo akaipeleka mahali panapohusika.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inatumika Tanzania Bara, imelisema hili waziwazi. Kifungu cha 95 kinaweka wajibu kwa mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzipeleka kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Afisa ustawi wa jamii, akiwa na sababu za kushuku, anaweza kuingia katika nyumba hiyo akiambatana na polisi na kufanya uchunguzi. Asiyetaka kuonekana akiingia ofisi ya mtaa apige namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, ambayo haitozwi fedha. Vituo vya polisi vina Madawati ya Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mtoto hupata matibabu, ushauri na huduma ya polisi mahali pamoja.

Najua litakaloulizwa: je, mzazi asimrudi mwanawe? Wazee waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye hawakumruhusu mtu kushika pasi ya moto. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 13, inakataza mateso na adhabu za kikatili, na inasema kwamba hakuna kumrudi mtoto kunakokubalika kama kumezidi kiasi kwa kuzingatia umri wake na hali yake ya mwili na akili. Hata shuleni, ambako viboko bado vinaruhusiwa, na mimi natamani viondolewe, kanuni za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwaka 2018 mjini Bukoba mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za wizi wa mkoba, na hakuna aliyemzuia mwalimu huyo kwa wakati.

Tumezoea kuona watoto wakipigwa, na mazoea hayo yana kipimo chake. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Nchi yenye watu wengi kiasi hicho waliopigwa utotoni huona alama kwenye mwili wa mtoto na kusema kwamba hata sisi tulipigwa.

Kikwazo kingine ni kumaliza mambo kifamilia. Taarifa hufika kwa mwenyekiti wa mtaa, mlezi huitwa, huomba radhi mbele ya wazee, hutia saini karatasi kwamba hatarudia, na jioni hiyo mtoto hurudishwa katika nyumba ileile, sasa akiwa amekwisha kuonekana kuwa ndiye aliyetoa siri. Hilo ni kosa kubwa. Viongozi wetu wa mitaa waambiwe na wakuu wao kwamba hawana mamlaka ya kusuluhisha jeraha la mtoto, na kwamba kazi yao ni kumfikisha kwa afisa ustawi wa jamii na polisi. Kwa sababu hiyohiyo, jirani asiende kumkabili mlezi mlangoni, kwani atakayelipia maneno hayo usiku ni mtoto.

Mtoto mwenyewe akiamua kusema, asikilizwe bila kuhojiwa kama mtuhumiwa. Swali moja linatosha: ni nini kilikupata hapa? Aambiwe kwamba amefanya vyema kusema, asiahidiwe kwamba itabaki siri, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Kama ameungua, apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala yai, kisha apelekwe hospitali.

Kwako Mhariri nina maombi mawili. Kila habari ya aina hii inapochapishwa, iwekwe chini yake namba 116 pamoja na maelezo mafupi ya mahali pa kupeleka taarifa, ili msomaji ambaye usiku uliopita amesikia kelele za mtoto nyumba ya pili ajue la kufanya asubuhi hiyo. Na picha ya mtoto aliyejeruhiwa isichapishwe ikionesha uso wake, wala jina lake na shule yake yasitajwe, kwa kuwa akitoka hospitali atarudi kukaa darasani na wenzake.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro