Utrasaundi si ya wajawazito peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotupangia vifaa na zamu katika hospitali na vituo vya afya vya Mtwara na Lindi. Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi mahali ambapo mashine ya utrasaundi hufungiwa kliniki ya wajawazito, na saa tisa na nusu ufunguo unaondoka na mwenye nao.

Msimu uliopita wa kupulizia mikorosho tuliletewa mzee anahema kwa shida. Ndugu zake waliapa ni salfa imemwingia kifuani. Kulala chali hawezi. Amekaa ameinama mbele, mishipa ya shingo imetuna, presha iko chini, mapigo yanakwenda mbio. Kwa harakaharaka ungesema moyo umechoka, ukamchoma dawa ya kukojosha. Na dawa hiyo ingemmaliza, maana moyo uliobanwa na maji unaponea ile damu kidogo inayorudi.

Bahati nzuri ilikuwa mchana. Daktari wa zamu, kijana bado, aliazima mashine, akapaka jeli, akaweka kichwa cha mashine chini ya chembe cha moyo na kukielekeza bega la kushoto. Kwenye kioo moyo ulizungukwa na utepe mpana mweusi, na chumba cha kulia kilibonyea ndani kila moyo ulipolegea kupokea damu. Weusi ule ni maji. Mzee alitundikiwa dripu, kisha maji yakavutwa kwa sindano ndefu, na presha ikapanda tunaiona. Chanzo kilikuwa kifua kikuu, ambacho huku Afrika ndicho kinara wa tatizo hili.

Wapo wanaosema tungoje picha ya kifua. Picha itaonyesha moyo mkubwa. Haisemi kama ni nyama au ni maji. Wingi wa maji nao unadanganya. Yakijaa polepole, mfuko wa moyo hutanuka hata ukabeba zaidi ya lita 1. Yakiingia ghafla, tuseme mtu kachomwa kisu, mililita 200 zinaweza kuua. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na mgonjwa huyu hangojei gari.

Kuvuta maji si kazi ya kila mtu, nakubali kabisa. Kuyaona tunaweza kufundishwa sote, matabibu na wauguzi, tukianza na mkao huu mmoja wa kichwa cha mashine chini ya chembe cha moyo. Na usiku mashine ilale chumba cha dharura.

Muuguzi,
Newala, Mtwara