Pikapu zetu za zamani

Habari za jioni wanakikundi. Jana pale tunapopakia mzigo nimewasha Hilux ya mwenzetu kwa ufunguo wa kufuli la duka langu. Tulicheka, lakini mwenye gari alicheka kidogo tu. Swichi ya ufunguo imelika, na gari hizi za injini ya dizeli aina ya 3L hazina imobilaiza, kile kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake halisi.

Naomba kila mmoja aweke swichi ya siri. Mwambieni fundi umeme asikate waya wa stata peke yake, maana wezi watasukuma na gari litawaka. Swichi hiyo ikate waya wa solenoidi, ile vali ya umeme ya kuruhusu na kukata mafuta iliyo kwenye pampu ya dizeli, hapo watasukuma mpaka jua lichomoze. Isifichwe chini ya dashibodi, wote huanzia huko. Na jamani, msituandikie humu mmeificha wapi!

Tairi la spea lifungeni kwa mnyororo. Saidi mira na taa zichongwe namba ya gari, haziuziki kirahisi.

Nimeongea na fundi, atakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Tukiwa wengi atapunguza bei. Andikeni majina hapa chini kabla ya Ijumaa jioni.