Barua kwa Mwanangu: Idi ya Mvua

Lindi, Idi mosi, usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Asubuhi ulipopiga simu kutoka wodini nilikusikia sauti imelegea, ukaniomba radhi mara tatu. Sebule ilikuwa imejaa watu, nikashindwa kukujibu vizuri, ndiyo maana nakuandikia usiku huu.

Usiombe radhi. Zamu ni zamu, na mgonjwa hangoji sikukuu ipite. Halafu ni mimi niliyekukataza kusafiri na masika haya. Sijasahau Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotupitia, barabara ikakatika kule Somanga na wasafiri wakakwama. Heri nikukose kwenye sinia kuliko nikuwaze njiani.

Majirani zetu wanaofuata mwezi wa kimataifa walisali jana. Wakatuletea pilau sisi tukiwa tumefunga. Nikaifunika kawa, magharibi tukafuturu nayo. Baba yako hakubanduka kwenye televisheni, rimoti mkononi, anamngoja Mufti. Mwezi ulipotangazwa alitoka barazani akawapigia kelele watoto, "Kesho Idi!" Ungemwona alivyofurahi.

Mvua imetukuta tunatoka kuswali, haikukatika mpaka jioni. Basi mtu hakutoka. Pilau nimeipika kibarazani nyuma, kwa makaa, kilo tatu za mchele. Vitunguu nimevikaanga mwenyewe, sikumwachia mtu, maana rangi ya pilau inatoka hapo. Ukiviharakisha unakula ubwabwa wenye viungo. Maji yalipokauka nikapalia makaa juu ya mfuniko, na mvua ile ikipiga bati, harufu ya iliki na bizari nyembamba ikajaa nyumba nzima. Tukatandika mkeka mbele ya televisheni, tukala huku tunatazama Baraza la Idi. Kulikuwa na pweza wa nazi pia, na kachumbari yenye pilipili ya kutosha.

Watoto wa mtaani walikuja kuchukua mkono wa Idi wamelowa chapachapa. Niliwavua, nikawafunga kanga zangu, kanzu na magauni yao nikayatandaza kwenye viti. Wakakaa wanatazama katuni, wanatafuna visheti, hadi wawili wakalala mapajani kwa bibi yako.

Bibi yako alivuka jana kutoka Kitunda, bahari ikiwa bado imetulia. Nataka nikusimulie habari yake, kwani ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu. Saa mbili usiku, kwenye taarifa ya habari, walionyesha wagonjwa wakitembelewa wodini kwa ajili ya sikukuu. Bibi alikuwa anasinzia. Aliposikia neno wauguzi akafumbua macho, akajikokota mkekani mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na kioo. Macho yake unayajua siku hizi. Akapita kwenye nyuso moja moja, kisha akaweka kidole juu ya muuguzi mmoja aliyekuwa amempa mgonjwa mgongo, anatengeneza dripu. "Huyu hapa mjukuu wangu," akasema. "Mtazameni anavyosimama."

Hospitali yenyewe si yako, wala mkoa si wako. Baba yako alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akasema, "Ndiye, mama. Ndiye huyo." Bibi akaacha kidole palepale hadi picha ikabadilika, akamwombea dua yule binti, ndefu, kwa jina lako.

Ukoko wa pilau nilikuwa nimekuwekea kwa mazoea, kwenye kibakuli chako cha bluu. Bibi ndiye aliyeula, anasema anakulia wewe.

Kesho kutwa, mvua ikiruhusu, nampa kondakta wa basi ndoo ndogo ya njano: visheti, na korosho kilo mbili za msimu uliopita, nimezikaanga leo jioni. Nimefunga mfuniko kwa kamba ya katani. Zigawe na wenzako wa zamu, na kama yupo mgonjwa asiye na ndugu, mpe na yeye.

Mama yako