Mayi, sambaza na ile intaneti ya vitu

Furaha dada,

Jambo sana, unisalimie mama na batoto. Odio yako niliisikia nikiwa juu ya pikipiki mu ambutiyaji ya magari ya Nyawera, nikarudilia kuisikiliza ku nyumba. Unasema kuko mutu alipita ku depo yenu uko Goma anauzisha kidude cha kuweka mu konjelateri ya sambaza, wale samaki badogo ba ziwa Kivu, eti baridi ikipunguka kitakutumia mesaji, na anaita ile "intaneti ya vitu". Unaogopa asikule makuta yako bule. Ngoja nikuelezee, lakini nianze na mayi ya kwetu apa Kadutu, Bukavu, sababu kule njo nilielewa mimi mwenyewe.

Unajua robine yetu. Inakauka siku tatu, ine, kisha mayi inakuja saa nane ya usiku na saa kumi imeshakwenda. Mama alikuwa anaachaka sahani ya bati chini ya robine, tone la kwanza likigonga tu anaamka, anatuamsha wote, bidoni mukononi. Sasa mvua ikipiga mabati nani atasikia sahani? Asubui unakuta majirani wamejaza, sisi tunaangaliana.

Nikanunua kitu kinaitwa SIM800L. Ni kama telefone isiyo na uso, bila ekra, bila batani, iko tu na pahali pa kadi sim na kaantene. Nikaifunga na kibao kadogo ka Arduino, ni kama kakompyuta kadogo unakapangia kazi, na mu bidoni ya chini ya robine nikatia fluteri, mayi ikiingia inapanda, nyaya mbili zinagusana, kibao kinajua, mesaji inaenda ku namba ya mama, yangu na ya tantine: MAYI IMEFIKA. Basi.

Wiki ya kwanza ilinitesa. Kila ikitaka kutuma inazimika, inawaka, inazimika tena, nikakaa siku ine nachokora programu kumbe ni njaa ya umeme! Ile SIM800L ikianza kuongea na antene ya kampuni ya simu inavuta mpaka ampea 2, ni kufumba jicho tu lakini inavuta, na mimi nilikuwa naikulisha na kachaja kabovu. Nikaweka batri ya litiamu, ikatulia.

Njo iyo tu, dada. Kitu kinaona jambo moja, kina njia ya kulipeleka mbali, na kule mbali mutu ao mashini ingine inapokea. Wajuaji watasema mesaji si intaneti, na ni kweli, lakini toa mesaji weka megabaiti, ni kazi ile ile. Kwa sambaza yako ni temometa pahali pa fluteri.

Na usizani bazungu walianza na mambo makubwa. Mwaka 1982, ku chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, walikuwa wanachoka kushuka mpaka ku mashini ya Coca-Cola wanakuta ni tupu, ao chupa bado ni za moto, wakaiunganisha na kompyuta ili waulize mbele ya kutoka ku ofisi. Chuo cha Cambridge, Uingereza, nao mwaka 1991 wakaelekeza kamera ku birika ya kahawa, juu ya uvivu ule ule! Jina lenyewe, intaneti ya vitu, lilikuja 1999, na Kevin Ashton wa kampuni ya Procter & Gamble, yeye alikuwa anatafuta namna ya kujua bidhaa gani imeisha ku etajeri za maduka. Wote ni ugonjwa wa mama: kuenda kuangalia na kurudi mikono mitupu.

Sasa uyo mutu wako, umuulize hivi. Umeme ukikatika, kidude kiko na batri yake? Sababu sambaza inaanza kuoza wakati ule ule umeme umekwenda, na kidude kinachokufa pamoja na konjelateri ni pambo. Kredi ya sim nani analipa? Na neno la siri la kiwandani, unaweza kulibadilisha? Ilo swali usiliache. Mwaka 2016 kuko virusi vya kompyuta, vya Mirai, viliingia mu makamera mengi sana ya bei chini, na maneno ya siri yale yale ya kiwandani, vikayageuza jeshi la kushambulia, tarehe 21 Oktoba tovuti kubwa kubwa za Marekani zikawa azifunguki masaa mengi. Wenye kamera awakujua kitu. Akishindwa kukujibu la batri, mwache aende zake, nitakutengenezea kimoja mimi.

Mama bado anaacha sahani yake chini ya robine. Nilimuchekaka. Mwezi uliopita sim iliishiwa kredi, nilisahau, na usiku ule sahani njo ilituamsha.

Nitumie foto ya kile kidude, upande wa nyuma, pale kuliandikwa namba.

Bahati