Mheshimiwa Waziri, nyimbo za unyago haziingii kwenye fomu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, na wenye jambo lao wengi ni watu wazima wasioweza tena kupanda ngazi za ofisi. Mimi ni mjukuu wa kungwi, mwanamke anayewafundisha wari, yaani wasichana wanaoingizwa utu uzima katika unyago. Nimezaliwa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, nimechezwa unyago kama walivyochezwa mama yangu na mama yake, na nilipokuwa mtu mzima riziki yangu ikawa kusikiliza kanda na kuyaandika yaliyomo.

Kazi hiyo niliwahi kuifanya katika mradi mmoja wa kukusanya nyimbo za jadi. Mradi na waliousimamia siwataji. Walikuwa watu wa heshima na nia yao ilikuwa njema. Kilichonishinda ni fomu. Ilikuwa na safu nne: jina la wimbo, maneno, maana, mafunzo. Kila wimbo uliotoka kwenye kanda ilibidi ukatwe vipande vinne uingie humo, na usipoingia, unaachwa.

Nikueleze lililonikuta na neno moja tu.

Mwimbaji alikuwa mtu mzima wa shamba, sauti imekauka kidogo lakini imenyooka. Anaita neno mara tatu, peke yake, bila kitenzi wala chochote cha kulifuata, halafu wenzake wanaitikia. Mimi nikachapa: paa, paa, paa. Karatasi ikaenda kwa mwenzangu aliyekuwa akijaza safu ya maana, ambaye kanda hakuisikia kwa sababu haikuwa kazi yake kusikia. Akaandika kuwa wimbo unahusu nyumba. Kwenye mafunzo akaandika kuwa mwari anahimizwa kuitunza nyumba yake isivuje. Ni mafunzo mazuri. Lakini yule bibi hakuimba paa la nyumba. Alimwimba p'aa, mnyama, yule anayetamkwa kwa pumzi inayotoka midomoni mara tu midomo inapoachana. Weka kiganja mbele ya mdomo, Mheshimiwa, utaisikia: kwenye paa la nyumba kiganja hakipati kitu, kwenye p'aa wa msituni kinapata upepo.

Tukizungumza hatubabaiki, kwa sababu sarufi inatusaidia: paa limevuja, p'aa amekimbia. Ndani ya wimbo ule sarufi haikuwepo. Neno limeachwa peke yake, na kitu pekee kinachotenganisha mnyama na nyumba ni pumzi. Walioutunga walijua wanafanya nini. Inawezekana hata walitaka asiyehusika, akipita njiani, asikie nyumba, na aliyemo ndani amsikie mnyama. Huyo p'aa ni nani, sitaandika hapa. Nilifundishwa mahali pake.

Kosa hilo lilikuwa langu kabla halijawa la mwenzangu, maana mimi nilisikia na bado nikachapa kama tulivyofundishwa skuli. Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi 1930 tumeandika paa na p'aa sawasawa, kaa la moto na k'aa wa baharini sawasawa. Kwa barua na magazeti inatosha, kwa sababu msomaji ana sentensi nzima ya kumwongoza. Wimbo wa ndani haumpi sentensi nzima, na haukukusudia kumpa.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya nikose usingizi nikaamua kuandika. Unyago wa Unguja haukuota hapa. Umekuja na watu walioletwa kutoka bara, Wayao, Wamakonde, Wamakua, Wangindo na wengine, wengi wao wakiwa watumwa katika karne ya 19. Watu hao walinyang'anywa karibu kila kitu. Majina yao yalibadilishwa, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili. Katika nyimbo ndimo lugha zao zilimobaki. Bibi yangu alikuwa na nyimbo ambazo nusu ya maneno yake ni ya Kiyao, naye Kiyao hakijui, wala mama yake hakukijua. Lakini aliyatamka kwa uangalifu ambao sikumwona nao katika maneno yake ya kila siku. Tukikosea alitusimamisha, akarudia, akatutazama midomo. Nilipomuuliza neno fulani ni nini, alinijibu: "Ndivyo linavyosemwa."

Kwenye fomu, maneno ya namna hiyo yalikuwa na jina lake. Niliambiwa niandike "maneno yasiyo na maana". Nimeyachapa maneno hayo manne mara nyingi mno, na kila nilipoyachapa nilimwona bibi yangu akitutazama midomo.

Mheshimiwa, sisi watu wa visiwa hivi ndio wa mwisho tuliostahiki kusema hivyo. Hasha, sikilinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na ngoma. Nazungumzia masikio yetu tu, yalivyofunzwa. Kila aliyepita chuo cha Kurani anakumbuka. Mwalimu hakuanza kwa kukuuliza maana. Alikuuliza madda umeivuta kiasi gani, ghunna umeipitisha puani au umeimeza, qaf umeitoa shinani mwa ulimi au umeigeuza kaf. Wengi wetu tumekhitimu kabla hatujaweza kufasiri sura tunayoisoma kila siku, na hakuna aliyetwambia kuwa tulichokihifadhi ni sauti tupu. Kwenye dhikri pia tumeona Jina likirudiwa, likifupishwa, mpaka kinachosikika ni pumzi ya watu mia waliosimama safu moja. Nani atathubutu kuiandika pumzi ile kuwa haina maana?

Hata kwenye ngoma za masheitani, ambazo najua wapo wasiotaka zitajwe kwenye karatasi ya Serikali, jambo ni hilo hilo. Simwombi mtu aamini. Namwomba asikilize. Kila kabila la masheitani lina nyimbo zake, harufu yake na lugha yake: rubamba wa Pemba, ruhani wa Kiarabu, habeshia wa Uhabeshi, kibuki wa Bukini, ndiyo Madagascar. Wanaoimba kibuki wengi wao hawawezi kununua samaki mmoja kwa lugha ya Bukini. Lakini ndiyo lugha ya kumwita anayeitwa, na fundi, yaani mganga anayeiongoza ngoma, akiisikia imeharibika atausimamisha wimbo uanzwe upya. Ukimwita wa huyu kwa lugha ya yule umebisha hodi nyumba siyo. Huo ndio uelewa wa lugha walio nao, na ni uelewa kamili: wanajua neno ni la nani, linaanza lini, linatamkwaje na linafanya nini. Wasichokijua ni tafsiri tu.

Nimesema fomu ina safu ya maneno. Kuna wimbo mmoja, niliuimba mimi mwenyewe nikiwa mwari, ambao neno lake kuu haliimbwi. Kungwi anafika mwisho wa mstari, anafunga mdomo. Msondo, ngoma ya unyago, unapiga mara moja. Wari wanatakiwa walitie neno wenyewe, moyoni, na aliyeelewa anajulikana kwa uso wake. Kungwi anatazama nyuso. Huko ndiko kufundishwa kwenyewe. Sasa nifanyeje na kanda ya wimbo kama huo? Nikiandika yanayosikika, nimeandika mstari uliokatika. Nikilijaza neno, nimeuvunja wimbo.

Na msondo wenyewe, Mheshimiwa, si wa kupigia mdundo tu. Ni ngoma ndefu, mpigaji anaibana mapajani. Usiku ukiingia umande ngozi inalegea na sauti inazama, basi inapelekwa motoni, inaoteshwa, kidole kinaigonga kidogo kidogo mpaka ikubali. Bibi yangu alikuwa akisikia ngoma imelegea hata akiwa jikoni, naye hakuruhusu wimbo fulani uanze mpaka imeota moto. Alisema ngoma ikilegea haisemi, inanung'unika tu. Kwenye kanda nyingi nilizopewa, dakika zile za kuotesha ngoma zilikuwa zimekatwa ili kuokoa nafasi, pamoja na vigelegele, ambavyo aliyekata aliviona ni kelele za watu. Kigelegele ndicho kinachotuambia wimbo umefika.

Tuna bahati ya ajabu upande wa taarab. Sauti ya Siti binti Saad ipo tangu 1928, alipokwenda Bombay kurekodi santuri, na anayetaka kujua alivyolitamka neno ataisikiliza mwenyewe. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa msanii wa jukwaa na kungwi pia, na dunia ikaujua msondo kwa mikono yake. Lakini makungwi ambao hawakupanda jukwaani wamekwenda na sauti zao, na tulichobaki nacho kwa wengi wao ni karatasi.

Sauti nyingine, za zamani zaidi, ziko mbali. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu, akinasa sauti za watu wa kusini kwenye silinda za nta, na sherehe za unyago alizihudhuria na kuziandika. Silinda hizo zimehifadhiwa Berlin, katika hifadhi ya sauti iliyoanzishwa 1900, na UNESCO iliziingiza silinda za hifadhi hiyo katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Huko kusini ndiko sehemu ya unyago wetu ilikotoka. Naomba Wizara yako, kwa kushirikiana na wenzako wa Bara, iombe nakala za sauti zile zifike kwa makungwi wachache waliobaki. Si kwa ajili ya maonyesho. Nataka mtu mzima mmoja wa Unguja akae, asikilize Kiyao cha 1906, aone kama kuna neno analolitambua.

Hilo ni ombi moja. Mengine ni ya karibu zaidi.

Pasihifadhiwe wimbo wa ibada au wa jando na unyago kwa maandishi bila sauti yake. Sauti irekodiwe nzima, tangu ngoma inapooteshwa mpaka watu wanapoagana, na faili lisibanwe, maana ukiibana sana sauti ya mtu, pumzi ile ya p'aa ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kupotea. Anayeandika maana awe amekaa na aliyeimba, na maana iandikwe kwa jina la aliyeisema. Kama waimbaji wawili wametoa maana mbili, ziandikwe zote mbili na asitafutwe mshindi. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, limekwishaonyesha, kwa makamusi yake ya lahaja za Pemba, Tumbatu na Makunduchi, kuwa tunaweza kuandika usemi wetu kama ulivyo. Wataalamu wake wakitupa utaratibu wa kuandika pumzi na mivuto ndani ya nyimbo, hata kwa kialama kidogo tu cha juu kama nilichokitumia hapa, waandishi wa kanda kama mimi tutaufuata kwa furaha.

Safu ya mafunzo naomba iondolewe. Wimbo wa kumtoa mwari ndani si hadithi ya darasa la 3. Na pale palipoandikwa "maneno yasiyo na maana", paandikwe ukweli: maneno ambayo aliyeyaandika hakufundishwa.

La mwisho ni la siri, na hapa sheria iko upande wetu. Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia 2011, unasema urithi huo ufikiwe na watu huku zikiheshimiwa taratibu za mila zinazoongoza nani afikie nini. Unyago una mambo ya kuimbwa barazani, mambo ya ndani ya nyumba, na mambo ya mwari na somo yake, yule anayemfundisha, peke yao. Hifadhi isiyojua tofauti hiyo itapewa ya barazani tu, na makungwi hawatakosea kuinyima mengine.

Mimi nina kanda tatu za bibi yangu. Nilimrekodi mwenyewe, 1996, ukumbini kwetu, kwa redio ya kaseti niliyoiazima. Kwenye kanda ya pili, upande wa nyuma, anaimba mistari miwili ya wimbo ambao sikuwahi kumsikia akiuimba nje ya unyago, halafu anaacha. Kimya. Anasema, "Zima, mwanangu." Inasikika sauti ya kitufe. Inayofuata ni sauti yake baada ya muda, amekwishakunywa maji, anaimba wimbo mwingine kabisa, na nyuma yake muuza samaki anapita na baiskeli yake akipiga kengele.

Kwenye fomu nilitakiwa nieleze pengo hilo, nikaandika "hitilafu ya kanda". Nimejuta tangu siku ile. Kanda zote tatu niko tayari kuzikabidhi kwenye hifadhi ya Serikali, bila malipo, pamoja na lile "zima" lake, siku fomu itakapokuwa na mahali pa kuliandika.

Wako,
Mjukuu wa kungwi,
Ng'ambo, Unguja.