Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli, Ada na Suala la Picha ya Sobers

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wanachama wote, nawasalimu, na nawashukuru kwa dhati ninyi mliofika leo.

Katiba ya chama chetu cha kriketi inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu kila mwaka aeleze chama kimefanya nini. Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitazirefusha. Tulikusanyika kutazama mechi kubwa kwenye televisheni, tukaenda kuishangilia timu ya taifa kwenye viwanja vya Gymkhana na Annadil Burhani, tukagawa mipira na glavu kwa vijana wa shule mbili. Tuliwatembelea wagonjwa wetu, tukawazika wenzetu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kamati iliitisha vikao vinne, na viwili kati ya hivyo vilivunjika kwa kukosa akidi. Mimi nilihudhuria vyote.

Kuhusu fedha, mweka hazina atawasomea hesabu kamili. Kwa jumla tulianza mwaka tukiwa na shilingi 2,140,000 benki, zikaingia ada 1,230,000 na michango ya hiari 900,000, tukatumia 3,415,000, tukabakiwa na 855,000. Daftari letu lina wanachama 112. Waliolipa ada ni 41. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka mzima, na inalipwa kwa simu, mtu akiwa amekaa nyumbani kwake. Nimetuma ujumbe wa kukumbusha, nimepiga simu, nimefika hadi kwenye maduka ya watu. Wengine waliniambia nirudi mwisho wa mwezi, nikarudi, nikaambiwa mwezi ujao. Inaniuma kusema haya mbele ya wazee wangu, lakini chama hakiendeshwi kwa salamu.

Na mahudhurio ni yale yale. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu wanaandika hadi saa saba za usiku, kila mmoja na hoja yake. Ukiitisha kikao Jumamosi saa nne asubuhi, hoja zote zimelala. Nimesikia sababu ya mvua, nimesikia sababu ya foleni, na siku ya kikao cha Machi nikaambiwa Simba na Yanga wanacheza. Hayo yote nayaelewa. Lakini wazee wetu wenye umri wa miaka themanini walitoka Kisutu na Upanga kwa miguu wakafika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo.

Kila mwaka chama huandaa jioni ya kumbukumbu ya mchezaji mmoja. Tulipomkumbuka Kapil Dev wa India ukumbi ulijaa. Tulipomkumbuka Imran Khan, mchezaji aliyekuja kuwa waziri mkuu, tulibishana siasa za Pakistani hadi usiku, tukaagana vizuri. Safari hii kamati iliamua tumkumbuke Garfield Sobers, mchezaji wa West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, na picha yake itundikwe kwenye chumba chetu cha ofisi. Nasema kamati iliamua kwa sababu muhtasari upo na umesainiwa. Jina nililipeleka mimi, na hiyo ni haki ya mwenyekiti. Katika mkutano uliopita niliomba majina kutoka kwenu, nikapata mawili tu.

Sababu zangu nilizieleza tangu mwanzo. Huyu ni mtu aliyeingia mechi za Testi, zile ndefu za kimataifa, mwaka 1954 akiwa na miaka 17, akiitwa kama mrushaji, na miaka minne baadaye akapiga mikimbio (ndizo alama za mpigaji) 365 bila kutolewa dhidi ya Pakistani pale Sabina Park, Kingston. Rekodi ile ilidumu hadi 1994, Brian Lara alipofikisha 375. Katika Testi 93 alipata mikimbio 8,032, wiketi 235, yaani wapigaji aliowatoa kwa kurusha, na midako 109. Alirusha kwa kasi, alirusha mzunguko wa vidole, alirusha mzunguko wa kiganja, vyote kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1968 pale Swansea, Wales, katika ova moja ya mrushaji Malcolm Nash, yaani mipira sita mfululizo, kila mpira aliupiga ukavuka mpaka bila kugusa chini, mikimbio sita mara sita. Wengine hutafuta mpigaji na mrushaji, halafu bado wanatafuta mdakaji. West Indies waliwapata wote kwa mtu mmoja. Mpaka leo tuzo ya ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, ya mchezaji bora wa mwaka inaitwa kwa jina lake.

Tangazo lilipotoka, ndani ya saa chache wanachama kadhaa wakaandika kwamba chama cha Dar es Salaam hakiwezi kumtukuza mtu aliyempa mkono Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Wanachosema ni kweli, na sikuwahi kukipinga. Septemba 1970 Sobers alikwenda Salisbury (Harare ya leo), Rhodesia, kucheza mashindano ya wachezaji wawili wawili, akiwa pamoja na Ali Bacher, nahodha wa Afrika Kusini ya makaburu. Akakutana na Smith, na akamsifu. Na hebu tuangalie ilikuwa lini. Mwaka ule ule ziara ya Afrika Kusini nchini Uingereza ilifutwa kwa sababu ya ubaguzi, baada ya maandamano na baada ya nchi za Afrika kutishia kususia Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Timu ya Dunia iliyoziba pengo lile, nahodha wake alikuwa Sobers mwenyewe. Juni pale uwanja wa Lord's, London, alichukua wiketi sita huku akifungwa mikimbio 21 tu, kisha akapiga 183. Miezi mitatu baadaye yuko Salisbury.

Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Smith alipojitangazia uhuru Novemba 1965, nchi hii ilivunja uhusiano na Uingereza, kwa kutomzuia, mwezi uliofuata, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa hapa hapa mjini. Herbert Chitepo, kiongozi wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, aliyekuja kuuawa kwa bomu Lusaka mwaka 1975, alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa kwanza Mwafrika wa Tanganyika. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa ili Zambia isitegemee njia ya Rhodesia, ujenzi wake ulizinduliwa Oktoba 1970, wakati kelele za safari ya Sobers hazijatulia.

Hayo yote niliyasema jioni ile, na nilitaka yasemwe. Ndiyo maana sikukubali jioni iahirishwe, ingawa nilipigiwa simu nyingi kutakiwa nifanye hivyo.

Waliofika watakumbuka. Mzee wetu mmoja, ambaye enzi hizo alikuwa kijana kwenye duka la baba yake Kariakoo, alisimulia walivyokuwa wakizungusha kisahani cha redio ya mawimbi mafupi kutafuta BBC, sauti ikija na kuondoka, na jinsi habari ya Swansea ilivyowafikia kesho yake wakakataa kuiamini. Kisha akasimama, akanyanyua mkongojo wake hadi juu ya bega, viwiko vimetengana, akasogeza mguu wa kulia mbele, akaushusha mkongojo wote kwa mzunguko mmoja na mikono ikamalizia nyuma ya shingo. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Alikaa chini akihema, machozi yanamtoka.

Baada yake akasimama mama mmoja mwanachama wetu. Baba yake alimpangisha chumba kijana wa Kizimbabwe pale Magomeni. Kijana yule alikula nao, alimfundisha yeye hesabu za mafungu, na jioni alikuwa akichora vijiti vitatu vya wiketi kwa chaki kwenye ukuta wa uani ili wacheze. Siku moja aliaga kwamba anakwenda kusini, na hakurudi tena. Mama akasema, "Mimi Sobers nampenda kwa sababu ya kijana yule, maana ndiye aliyenifundisha jina lake. Na kwa sababu ya kijana yule yule siwezi kumsamehe." Hakuna aliyepiga makofi, na hapakuwa na haja.

Wengine walileta mengine. Wapo wasiosahau Port of Spain 1968, alipositisha zamu ya kupiga ya timu yake na kuwapa Waingereza mikimbio 215 ya kutafuta ndani ya dakika 165, wakaipata zikiwa zimebaki dakika chache, na mashabiki wa Trinidad wakachoma sanamu yake. Hapo nami nitatoa rai yangu: mechi tano za mfululizo ule zingeisha sare zote kama angecheza kwa woga. Mtu aliyelipa kiingilio alistahili mchezo. Yupo pia aliyekumbusha ajali ya gari ya 1959 iliyomuua mchezaji mwenzake Collie Smith, Sobers akiwa dereva, na kwamba tangu hapo alijiona anacheza kwa niaba ya watu wawili.

Ndugu zangu, jioni ile ndiyo ilikuwa bora kuliko zote tangu nishike uongozi, na waliofika walikuwa 38 tu. Kumi na tisa walitangaza kususia. Nawaheshimu, lakini nasikitika kwamba waliokuwa na hoja nzito zaidi ndio ambao hawakuwepo kuzitoa.

Sasa kuhusu picha. Chini yake niliweka kadi ya maelezo yenye mistari saba. Mstari wa kwanza ni kuzaliwa kwake Bridgetown, Barbados, mwaka 1936. Inafuata 365, inafuata Swansea. Mstari wa tano unasema: "Septemba 1970 alicheza Salisbury, Rhodesia, akakutana na Ian Smith. Baadaye aliiandikia bodi ya kriketi ya West Indies barua ya kuomba radhi." Herufi zake ni sawa na herufi za mistari mingine. Kijana wa steshenari aliniuliza kama mstari ule aupunguze uingie vizuri, nikamwambia apunguze pembezoni.

Kwa kadi hiyo nimelaumiwa na pande mbili. Upande mmoja unasema picha iondolewe kabisa. Upande wa pili unasema picha ibaki ila mstari wa tano ufutwe, kwa kuwa tunamvunjia heshima mzee aliyekwisha kuomba radhi. Wanakumbusha, na ni kweli, kwamba watu wa kwao walimkasirikia vikali, Waziri Mkuu wa Guyana Forbes Burnham akataka atubu, lakini barua ilipokuja walimpokea. Aliendelea kuwa nahodha, akaiongoza timu dhidi ya India mwaka 1971, na Barbados wakamfanya shujaa wa taifa mwaka 1998.

Msimamo wangu haujabadilika. Watu wa Karibi walikuwa na haki ya kumsamehe kwa niaba yao. Hawakuwa na uwezo wa kumsamehe kwa niaba ya mama yetu wa Magomeni. Na tukiiondoa picha, kijana atakayeingia chumba kile miaka kumi ijayo hatauliza chochote, kwa sababu hatakuta kitu cha kuulizia. Tukiufuta mstari, ataona mikimbio tu na kudhani mtu akipiga 365 hadaiwi tena. Picha ibaki na mstari ubaki. Nimelisema hili kwenye kamati na nalirudia hapa.

Kumekuwa na maneno kwamba nilitumia fedha za chama bila idhini. Jioni nzima iligharimu shilingi 1,480,000, pamoja na ukumbi, spika, chai na vitafunwa. Picha na fremu ni 280,000. Katiba inamruhusu mwenyekiti kuidhinisha hadi 300,000. Risiti ziko kwa mweka hazina na yeyote anaweza kuziona leo. Kadi ya maelezo, misumari na bodaboda niligharamia mimi, na sikudai. Wanachama sita walirudisha kadi zao za uanachama kwa ajili ya suala hili. Wanne kati yao hawajalipa ada kwa miaka miwili. Silisemi hili kuwakejeli. Nalisema kwa sababu ni sehemu ya taarifa, na nyumba zao nitazifikia, Mungu akinijalia, kuwaomba warudi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuongeza vifaa kwa shule, kutafuta ukumbi wa kudumu kama wafadhili watapatikana, na kurekodi sauti za wazee wetu kabla muda haujatupita. Kamati inaendelea kuangalia namna.

Hoja ya kuondoa picha iko kwenye ajenda namba sita, na hoja ya kufuta mstari wa tano iko namba saba. Kila moja inahitaji theluthi mbili ya kura, na wanaopiga kura ni wale waliolipa ada. Mweka hazina yuko mezani pale mlangoni na daftari lake, na atapokea malipo hadi ajenda namba tano itakapofungwa.

Naomba kuwasilisha.