Sumu haitawamaliza paka wa Ngamiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na majirani zangu wa Ngamiani, na watu wa Tanga kwa jumla, kuhusu paka. Mtaani kwetu kumekuwa na maneno kwamba paka wamezidi, na wapo walioamua kuwatilia sumu kwenye dagaa na kuiacha usiku karibu na jalala. Juzi tuliokota jike uchochoroni, chuchu zimejaa maziwa, povu limemkaukia mdomoni. Watoto wake tuliwapata baadaye juu ya dari ya jirani kwa kufuata kilio. Walikuwa bado hawajafumbua macho, na kipaka hufumbua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Wote wamekufa.

Sikatai kwamba kero ipo. Wanalia usiku wa manane juu ya mabati, wanakojoa mlangoni, wanachukua vifaranga, wanajisaidia kwenye mchanga wanaochezea watoto. Mama anayembembeleza mtoto mchanga huku madume wawili wanapigana juu ya paa lake ana haki ya kulalamika. Ila kila kero kati ya hizi ina sababu inayojulikana, na dawa yake siyo sumu.

Tuanze na wingi wao. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu, bado ana sura ya kitoto. Mimba huchukua kama siku 63 hadi 65, na uzao mmoja mara nyingi huwa na watoto 3 hadi 5. Wala hasubiri wale wakue. Anaweza kubeba mimba nyingine hata hajawaachisha ziwa. Kwenye nchi za baridi jike hupumzika miezi ya mchana mfupi, kwa kuwa joto lake la uzazi huamshwa na mwanga wa siku ndefu. Hapa Tanga, kusini kidogo tu ya ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo jike wetu hana msimu wa kupumzika. Ukiua paka sita ukabakisha wawili, na jalala likaendelea kujaa matumbo ya samaki, umewapa nafasi hao waliobaki pamoja na wageni watakaohamia kutoka mtaa wa pili. Paka hufuata chakula. Miezi michache baadaye utakuwa unanunua sumu nyingine.

Na sumu haichagui. Kuku anadonoa, kunguru anabeba, na mtoto anayetambaa hajui dagaa wa jalalani ni wa nani. Tena mkoa wetu unajua madhara ya panya: tauni ilipiga Lushoto kuanzia mwaka 1980 ikawa inarudi kwa miaka mingi. Sisemi paka ni kinga ya tauni, maana yeye mwenyewe huugua akila panya mgonjwa. Nasema mtaa wenye jalala wazi ukiwaondoa paka wote, panya ndio watakaoneemeka.

Sasa kile kilio cha usiku. Bado wapo wanaoamini ni wanga, hasa paka akiwa mweusi, na huyo mweusi ndiye wa kwanza kupigwa mawe. Kinachotokea ni kwamba jike akiwa kwenye joto huita madume kwa sauti ndefu inayofanana sana na ya mtoto mchanga. Madume huja kutoka mbali, na wakikutana hupigana. Jike wa paka hatoi mayai mpaka apandwe. Asipopandwa, joto hurudi baada ya wiki 2 au 3, ndiyo maana kelele hunyamaza kisha zikaanza upya. Ule mkojo wa harufu kali mlangoni kwa kawaida ni wa dume anayewajulisha wenzake kwamba hapo pana mwenyewe. Dume akihasiwa, mara nyingi hupunguza kukojolea milango, kuzurura na ugomvi. Jike akifungwa uzazi haiti tena. Rangi ya manyoya ni urithi tu kutoka kwa wazazi, kama ambavyo paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na wale wekundu wengi wao ni madume.

Nataka nikae kidogo kwa paka shume, yaani wale wasiozoea watu, kwa sababu hao ndio wanaochukiwa zaidi. Paka hazaliwi shume. Kipaka hujifunza nani wa kumwamini kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake. Akishikwa na watu kwa upole wakati huo, atakuwa paka wa kukaa na watu. Akikulia chini ya kontena bila kuguswa, atamwogopa binadamu, na kumzoesha akishakuwa mkubwa ni kazi ngumu, pengine isiwezekane kabisa. Kwa hiyo wale wanaowafunga vipaka kwenye kiroba na kwenda kuwatupa Deep Sea, kule samaki wanakoshushwa, kwa sababu kuna chakula, wanatengeneza shume wa mwakani. Nendeni pale wakati samaki wanashushwa, muwaangalie. Wapo wanaowajia akina mama wanaopara samaki, mkia umesimama wima, na mkia uliosimama ndiyo salamu ya paka. Wengine wamejibana chini ya mitumbwi, tumbo limegusa mchanga, masikio yamelala. Matumbo ya changu yakitupwa tu wanachomoka, wananyakua, wanarudi kivulini kula huko huko. Hao wote ni paka wa mji mmoja na wanakula chakula kimoja. Kilichowatofautisha ni zile wiki chache za utoto.

Watoto wetu wafundishwe kusoma dalili hizi. Paka anayepigapiga mkia huku na huku ameshachoka kushikwa, aachwe. Na ule mngurumo wa kifuani usiwadanganye mkadhani siku zote ni raha, kwani paka hunguruma hata akiwa na maumivu makali. Yeye ni mnyama anayeficha ugonjwa. Akikaa siku mbili hali kitu, msisubiri ya tatu.

Sisi tunaowalisha tuna wajibu mkubwa kuliko wengine, na hapa nasema na wenzangu. Chakula kitolewe saa ile ile kila siku, mahali pamoja, na mabaki yaondolewe. Paka ni mla nyama hasa. Ugali mtupu na mchuzi haumtoshi, mwili wake unahitaji vitu vinavyopatikana kwenye nyama na samaki, na akivikosa muda mrefu huharibikiwa macho na moyo. Samaki wapikwe, kwa sababu baadhi yao wakiliwa wabichi kila siku huharibu vitamini B1 mwilini mwake. Msiweke kitunguu wala kitunguu saumu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, mpeni maji. Na nawasihi, msimpe paka panadol wala parasetamo ya aina yoyote. Ini lake haliwezi kuisafisha, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo ni sumu kwake.

Vifaranga vikae bandani mpaka vikue, hilo halina njia ya mkato, kwa sababu paka aliyeshiba bado huwinda. Mchanga wa ujenzi ufunikwe kwa turubai, maana yeye huupenda kwa kufukia kinyesi chake. Kinyesi hicho kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima, ambavyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo anayezoa kila siku hupunguza hatari sana. Mama mjamzito aachie wengine kazi hiyo, na nyama anayokula iive vizuri.

Waislamu wenzangu tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Tunajua sahaba Abu Qatada alivyomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, akasimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Inaniuma mtu atoke kuswali alfajiri apitie jalalani kutazama kama sumu yake imeua. Na kwa asiyeguswa na hayo, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama.

Limebaki moja zito, nalo ni kichaa cha mbwa. Jina linatupoteza tukadhani ni la mbwa peke yake, kumbe paka naye huupata na kumwambukiza mtu kwa kumng'ata au kumparua. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa au kuparuliwa na paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Msipake majivu, msifunge kitunguu, msisubiri kuona kama litavimba. Paka mwenyewe huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3.

Basi ombi langu ni kwa serikali za mitaa na wataalamu wa mifugo wa Jiji letu. Gari la matangazo linapopita kuhimiza chanjo husema mbwa, mbwa, mbwa, na watu wanabaki nyumbani na paka wao. Litaje paka pia. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tungeomba siku hiyo, au nyingine itakayofaa, ipangwe ya kuhasi na kufunga uzazi paka wa mtaani kwa bei ambayo wakazi tunaweza kuchangia, tukianza na mtaa mmoja. Paka akishafungwa uzazi akatwe kincha kidogo cha sikio la kushoto angali kwenye usingizi wa dawa, kama inavyofanywa nchi nyingine, ili asikamatwe mara ya pili na kila mtu amjue. Arudishwe pale pale alipotolewa, alinde nafasi yake dhidi ya wageni.

Fedha waliyotenga majirani zangu kwa ajili ya sumu iingie kwenye mchango huo. Mimi nitachanga, na matenga ya kuku ya kuwabebea ninayo. Wenyeviti wa mitaa watuambie tu tuwapeleke wapi na siku gani.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani,
Tanga